Meseji Iliyotaja Ng'ombe wa Mkula

Siku ya kuniaga ofisi ilinipa kitenge, keki na ombi: niandike machache ya kuwatia moyo vijana wa kitengo cha masoko. Keki iliisha siku ileile. Ombi nimekaa nalo muda mrefu, kwa sababu kila ninapoketi kuandika hasira inanipanda. Mnataka nisifie kazi ya kumjua mteja mmoja mmoja, kwa jina lake na mali yake, na mimi nimeona kazi hiyo ikimvua mtu nguo mbele ya wakwe zake. Basi nitaandika kwa utaratibu, tangu mwanzo. Vyeo na mishahara naviruka, havikumponya ng'ombe yeyote.

Niliingia kazini miaka ile ya ruksa, biashara zilipoachiwa watu binafsi. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa ghala la pamba la chama cha ushirika hapa Bariadi, na chama kikatufia mikononi. Wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao na malori yao. Upande wa mifugo mambo yalikuwa hayohayo. Serikali ilijitoa kwenye majosho, maji yakakauka, sementi ikapasuka, mbuzi wakawa wanalala ndani. Aliyetaka ng'ombe wake waogeshwe alitakiwa kununua dawa mwenyewe, bomba mwenyewe, na kujifunza mwenyewe. Kampuni yetu ikafungua duka la dawa za mifugo karibu na soko, nami nikaajiriwa kuuza, ingawa sikujua tofauti ya dawa ya kupe na dawa ya minyoo.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Gamaya, bwana mifugo wa serikali aliyepunguzwa kazi. Alikuwa mbahili wa chai na mwimbaji mbaya wa kwaya, lakini kazi aliijua. Alinipa bomba la kubeba mgongoni, akanipeleka zizini siku ya kwanza nikiwa na viatu vya ofisini.

"Tanguliza maji, dawa ifuate," aliniambia. "Na upepo uwe mgongoni kwako. Ukiupa uso utaogeshwa wewe, kupe wabaki wanakucheka."

Alinionyesha wanapojificha: ndani ya masikio, chini ya mkia, katikati ya kwato. Mtu anayepulizia mgongo wa ng'ombe peke yake, alisema, anaosha ngozi kwa ajili ya picha. Viatu vyangu havikupona.

Somo kubwa nililipata wiki ileile kupitia kwa muuzaji mwenzetu aliyekuwa ametoka Arusha. Aliingia mzee mmoja wa Sapiwi, wakaamkiana vizuri, kisha mwenzetu akashika kalamu.

"Una ng'ombe wangapi, baba, nikupimie dawa?"

Mzee akamtazama kwa utulivu. "Na wewe ngosha, mwanamume mzima, una meno mangapi?"

"Meno?"

"Yahesabu kwanza. Ukimaliza nitakujibu."

Akatoka, akaenda kununua kwenye duka la pili. Mzee Gamaya alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la chumvi ya mifugo. Baadaye akatueleza, na hili mlishike, kwa maana hadithi yote imesimama hapa. Kwa Wasukuma mtu hataji idadi ya ng'ombe wake, na anayemuuliza amemkosea adabu. Isitoshe, ng'ombe wa mtu hawakai zizi moja. Baadhi anawaweka kwa rafiki, baadhi kwa mjomba, wengine wilaya nyingine kabisa. Anayewatunza anakamua maziwa, mwenye mali anabaki mwenye mali, na jirani akichungulia zizi anaona sehemu tu. Ugonjwa ukiingia hauwamalizi wote. Mwizi hali kadhalika. Na ndugu pia, alimalizia Mzee Gamaya, bila kucheka safari hii.

"Sasa tutauzaje dawa bila idadi?" nikauliza.

"Muulize chupa ya mara iliyopita ilimtosha au ilimpungukia. Basi."

Ndivyo tulivyouza. Mteja anakuja, anasema, "Nifungie ya hapa, na nifungie ya kule." Unafunga mifuko miwili. Ya hapa ni ya zizi linaloonekana. Kule ni wapi, huulizi. Tulikuwa na wateja wengi wa namna hiyo, Wakatoliki, Waprotestanti na wenye mizimu yao, na wote walirudi, kwa sababu walijua duka letu halina mdomo.

Mmoja wao alikuwa Mbuke, mjane wa Sapiwi. Alikuwa mrefu, mwepesi wa maneno, anakuja siku za soko na mchele wake, na akiingia dukani hata wasio wateja wanacheka. Mumewe alipofariki alibaki kwenye mji wa wakwe zake, yaani boma la ukoo, chini ya shemeji yake Maduhu, kaka mkubwa wa marehemu. Sitamsingizia Maduhu. Alimlimia shamba, na Mbuke alipougua ndiye aliyempeleka hospitali. Lakini kwa hesabu yake kilichokuwa cha mjane kilikuwa cha mji, na mji ulikuwa wake.

Kwa miaka mingi nilimfungia Mbuke ya hapa na ya kule. Siku moja ya mvua, duka likiwa tupu, akaniambia mwenyewe. Alikuwa amenunua mtamba mmoja kwa mchele wake, akamweka Mkula, kwa Jilala, mtoto wa mama yake mdogo. Mtamba akazaa. Mwaka uliofuata Mbuke akanunua mwingine. Huko Sapiwi hakuna aliyejua.

"Mayu, mama yangu, hao ndio miguu yangu," alisema. "Siku nikichoshwa na mji wa watu, natembea. Bila hao nitatembea kwenda wapi?"

Nilimfungia dawa, nikanyamaza. Hiyo nayo ni kazi, japokuwa hakuna semina inayoifundisha.

Kisha ikaja minara ya simu. Kwanza kampuni ilitumia simu kwa heshima. Meseji zilikuwa za wote: dawa ya minyoo imefika, mvua zimekaribia, chanjeni mapema. Wateja walizipenda. Wengine walinijibu wakidhani ninaziandika mimi, wakaniuliza hali ya watoto.

Simiyu ilipokuwa mkoa na Bariadi ikawa makao makuu yake, makao makuu yetu nayo, kule Dar, yakatukumbuka. Akaletwa Alen, meneja masoko, kijana msafi, mwepesi kubeba maboksi, asiye na roho mbaya. Alikuja na mkakati wa masoko ya kidijitali. Kila mteja angepata ujumbe wake peke yake, wenye jina lake, mifugo yake na tarehe yake ya dawa. Aliuita ubinafsishaji wa ujumbe. Sisi wa Bariadi neno hilo tulikuwa tumeshalisikia lilipopitia kwenye vinu vya kuchambulia pamba, kwa hiyo hatukupiga makofi upesi.

Vijana wenye vishikwambi wakamwagwa minadani. Ukijisajili unapewa kofia. Kishikwambi hakikukubali kuendelea bila jina, namba ya simu, idadi ya mifugo, mahali ilipo na jina la anayeitunza. Tarehe ya kuzaliwa kilitaka pia, na kwa kuwa wengi hawaijui, vijana wakawajazia Januari mosi. Mpaka leo, kila mwaka mpya nusu ya Sapiwi inapongezwa na kampuni kwa kuzaliwa siku moja.

Mbuke alikutana nao mnadani. Aliniambia baadaye jinsi kijana alivyomshika.

"Mama, punguzo la dawa linakwenda kwa idadi. Ukificha unajipunja mwenyewe."

"Na hizo habari zinakwenda wapi?"

"Kwenye mfumo tu, mama. Hakuna mtu anayezisoma."

Mbuke akataja idadi, Mkula na jina la Jilala, ila simu hakuwa nayo. Kijana akamwambia ataje namba ya yeyote wa nyumbani, mradi kisanduku kijae. Akataja ya Maduhu, ndiyo pekee aliyoikariri, kwa kuwa ndugu wote walimpigia kupitia hiyo. Hakuna aliyemwambia kwamba mfumo usiosomwa na mtu ungekuja kuzungumza.

Kabla meseji hazijatoka tulikaa kikao dukani. Alen akatusomea mfano. Nikanyoosha mkono.

"Jina sawa," nikasema. "Dawa sawa. Idadi na mahali viondoe."

"Mama, hivyo ndivyo vinavyomgusa mteja. Anatakiwa ajione kwenye ujumbe."

"Huku mtu hapendi kujiona kwenye simu ya mwenzake. Simu moja inashikwa na mji mzima. Inasomwa kwa sauti."

"Tutaliangalia kwenye awamu ya pili," akasema, akafungua ukurasa mwingine.

Vijana, mkisikia maneno awamu ya pili, jueni mmeshakataliwa.

Meseji zilitoka asubuhi. Kwenye mji wa Maduhu siku hiyo walikuwa wameketi wanaume wa ukoo wakipanga mahari. Mtoto wake alikuwa anaoa, upande wa binti walishataja ng'ombe, na zizi la Maduhu lilikuwa linapungukiwa. Simu ikalia. Maduhu, ambaye macho yalimsumbua, akampa mdogo wake asome, akidhani ni ndugu wa Maswa anatoa ahadi ya mchango. Yule akasoma kwa sauti ya kanisani:

"Habari MBUKE! Ng'ombe wako 17 walioko MKULA wamefikia muda wa kuogeshwa. Fika dukani Bariadi upate punguzo. Tunakujali."

Mbuke alikuwa anapita na chungu cha maji. Alisema hakuna aliyepaza sauti. Waligeuka tu, wote pamoja, wakamtazama. Kisha mdogo wake Maduhu akasema, "Shemeji, hongera. Kumbe tunaishi na tajiri." Wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomtia hofu.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, kwa maana hapa ndipo hasira yangu inapolala na kuamka. Maduhu akapiga namba iliyokuwa chini ya meseji. Dada wa huduma kwa wateja, Dar, akaona namba iliyosajiliwa, akaona jina, akafuata maelekezo aliyopewa. Nilizungumza naye baadaye, akanieleza bila wasiwasi wowote.

"Alisema anapiga kwa niaba ya mama, dada. Namba ilikuwa ileile. Nikamhakikishia taarifa."

"Zipi?"

"Idadi, kijiji, na jina la mtunzaji. Bwana Jilala. Kwani nilikosea?"

Kwa maelekezo yao hakukosea kitu. Keshoye Maduhu na wenzake wawili wakapanda gari mpaka Lamadi, wakaingia Mkula, wakauliza kwa Jilala, wakaonyeshwa. Jilala hakuwa mjinga. Akawauliza nani kawatuma. Maduhu akamnyooshea simu. Jina la Mbuke lilikuwamo, idadi ilikuwamo, Mkula ilikuwamo. Mtu gani mwingine angejua hayo, kama si kuambiwa na mwenyewe? Jilala akawafungulia wanane, wale ambao Maduhu alisema wanatakiwa kwa ajili ya arusi. Ujumbe wetu wa kumjali mteja ukawa barua ya kumchukulia mali yake.

Mbuke aliingia dukani bila mchele, bila mzaha. Hakunisalimu Mwangaluka wala chochote.

"Nani aliwaambia nataka salamu zenu?" akaniuliza.

"Mbuke, kaa kwanza."

"Sikai. Mwizi anakuja usiku, anajificha, anaogopa mbwa. Ninyi mmewaandikia njia. Mmewapa na jina la mwenye zizi, wasipotee!"

Nikampigia Alen mbele yake, nikaomba kampuni iandike kwamba ujumbe ule haukuwa na idhini ya mwenye mali, na kwamba aliyepiga simu hakuwa Mbuke. Alen akapumua.

"Mama, tukiandika hivyo wateja wataacha kuuamini mfumo. Na kusema kweli, ujumbe ulikuwa sahihi asilimia mia."

"Ndiyo ubaya wake," nikasema, nikakata simu.

Nikaenda kwenye kikao cha ukoo Sapiwi mimi mwenyewe. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwapo. Maduhu alizungumza vizuri, hilo ndilo lililoniuma. Alisema mjane ametunzwa na mji, shamba lake limelimwa na mji, na kijana wa mji anapooa kila mmoja anachangia. Akasema pia kwamba kuficha ng'ombe ni kuonyesha kwamba huwaamini ndugu.

"Na wewe, ng'ombe wako wa Maswa umewaweka wazi wapi?" Mbuke akamuuliza.

Kila mwanamume pale alikuwa na ng'ombe wake wa kule, na duka letu liliwajua karibu wote. Desturi iliyowalinda wao ilikuwa kosa ilipomlinda yeye.

Nikaomba kusema. Nikawaeleza kwamba dawa ya ng'ombe wa Mkula, kwa miaka yote, ilinunuliwa dukani kwangu na Mbuke kwa mikono yake, na kwamba hakuna mwanamume wa mji ule aliyewahi kuwanunulia hata tone.

"Wabeja, mayu, asante, tumekusikia," Maduhu akajibu kwa adabu. "Lakini wewe ni mtu wa dukani. Haya ni ya nyumbani. Halafu hao wanane wameshafika kwa wakwe zetu. Unataka tukamvunje binti wa watu ndoa?"

Kikao kikaamua kwamba wanane wahesabiwe mchango wa Mbuke kwa mji, na tisa waliobaki ni wake, ila waletwe Sapiwi, zizi la Maduhu, wasipotee tena. Walitumia neno hilo, wasipotee. Mbuke akainuka.

"Nimesikia," akasema, akaondoka kabla ya pombe ya kufunga kikao.

Miezi michache baadaye kampuni ilituita Mwanza kwenye semina ya tathmini. Alen akawasha mashine, ukutani ikatokea ramani ya Kanda ya Ziwa na duara kubwa juu ya Bariadi.

"Huyu ni mteja wetu wa mfano," akasema. "Baada ya ujumbe mmoja tu alipiga simu mara nyingi, akauliza maswali, akahakiki taarifa zake. Hakuna mteja mwingine wa kanda aliyeshiriki kiasi hiki."

Hakuwa amesoma jina. Mimi nilishalisoma, liliandikwa chini kwa herufi ndogo. Nikasimama, nikawaeleza kwamba aliyeshiriki ni shemeji yake, maswali aliyouliza ni mahali pa kuwafuata ng'ombe, na kila simu waliyoihesabu kwa furaha ilikuwa hatua moja ya kumpokonya mwanamke mali yake. Nilisema kwa kirefu. Mtu mmoja akazima mashine.

"Pole sana kwa hilo," Alen akasema, na nadhani alimaanisha. Kisha akauliza, "Lakini Mama, bado ni mteja wetu?"

Nimefanya kazi na kupe miaka mingi. Kupe akishiba anaachia.

Nilidai mambo matatu: idadi iondolewe, mahali paondolewe, na dada wa simu asitoe neno mpaka amsikie mwenye jina. Waliondoa mahali. Idadi wakaiacha, wakasema inavutia. La simu likawekwa awamu ya pili. Mnaoketi leo kwenye viti vile, mnaotuma meseji zenye majina na nyota na maua, nendeni mkaangalie kama awamu hiyo imeshafika. Na kabla ya kuandika kwamba mnamjua mteja, ulizeni nani atasoma akiwa ameketi pembeni yake. Mimi nilimjua Mbuke kwa miaka, na sehemu kubwa ya kumjua ilikuwa kunyamaza.

Ng'ombe tisa hawakupelekwa Sapiwi. Siku moja ya soko, jua likiwa limeshapanda, nilisikia watu wakiitana nje, nikatoka mlangoni. Mbuke alikuwa anakuja kwa njia ya Lamadi, kitenge kimefungwa kiunoni, fimbo mkononi, Jilala nyuma yake, na ng'ombe mbele yao katikati ya mji wa Bariadi. Desturi ni kuwapitisha ng'ombe pembeni, alfajiri, wasionekane. Yeye aliwapitisha sokoni.

Akasimama mbele ya duka. Nikamkaribisha ndani.

"Leo sinunui," akasema. "Nimepita muwaone. Waambie wa kwenye simu wasijisumbue kuniandikia. Ni tisa. Mmoja ana mimba. Nawapeleka Maswa kwa baba yangu, sirudi Sapiwi, na njia ni hii hii. Wameandika?"

"Mbuke, mimi niliwaambia..."

"Najua, mayu. Ndiyo maana nimesimama."

Akampiga fimbo dume la mbele, wakaanza kwenda. Wauza dagaa na vijana wa bodaboda walikuwa wameshaanza kuwahesabu kwa sauti, mmoja, wawili, watatu, wakicheka. Mzee mmoja akawakemea. Mbuke akamwambia awaache wamalize.